Mpwa wangu alirushiwa ubao: ninunue msumeno gani wa meza?

Mzee wa Karakana, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Useremala nilijifunza kwa marehemu baba, na kwa miaka sita sasa nina karakana yangu nyuma ya nyumba, chumba cha mita 4 kwa 5 na nusu kilichokuwa banda la gari. Jioni na Jumamosi natengeneza vitanda, meza, na zaidi makabati ya jikoni. Natumia mtiki wa Longuza nikiupata, paini na saipresi kutoka Shume, na bodi za MDF (za unga wa mbao ulioshindiliwa) kwa makabati.

Msumeno wangu ni wa kuchomelea mtaani: vyuma vya pembe, bati zito juu, mota chini, diski katikati. Hauna kifuniko wala kitu kingine chochote. Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka 19, anayenisaidia wakati wa likizo, alikuwa anapasua ubao wa mtiki. Ubao ukabana diski, ukarudi kwa kasi ukampiga chini ya mbavu. Alilazwa siku mbili. Namshukuru Mungu hakuvunjika kitu, lakini dada yangu bado hajanichangamkia, na ile mashine sijaiwasha tena.

Nimeweka akiba ya kununua mashine moja nzuri, si mbili. Nataka msumeno wa kabati hasa, ule wenye mwili wa chuma uliofungwa pande zote na meza nzito. Nina njia tatu. Shemeji yangu aliyeko Houston ana msumeno wa inchi 10, mota ya farasi 3, wa mwaka 2003, na yuko tayari kuniwekea kwenye kontena la mizigo yake. Anasema mota yake ni ya volti 230 kama umeme wetu, kwa hiyo nitachomeka tu. Pili, karakana ya shamba moja la mkonge inauza vifaa vyake vya zamani, na kuna msumeno mkubwa ulioandikwa Wadkin, Leicester, ila ni wa fezi tatu na mimi nyumbani nina fezi moja. Tatu, kuna mashine mpya za Kichina Kariakoo, za fezi moja, zinang'aa kweli.

Shemeji ameniambia pia kwamba Marekani kuna msumeno unaosimama wenyewe ukigusa kidole. Ni kweli? Na je, ningekuwa nao, yule kijana angepona?

Mwalimu, Tanga

* * *

Marahaba, mwalimu. Mpe kijana pole yangu, na dada yako pia.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuchagulia mashine. Ni kweli msumeno huo upo. Unaitwa SawStop na umekuwa sokoni Marekani tangu 2004. Diski hupitishiwa mkondo mdogo sana wa umeme. Nyama ya mwili ikigusa jino, mkondo unabadilika na kipande cha aluminiamu kinarushwa kwenye meno. Diski inasimama ndani ya milisekunde 5 hivi, unabaki na mkwaruzo. Kile kipande na diski vinakuwa vimekwisha, unanunua vingine. Ubao mbichi wenye maji unaweza kukifyatua pia bila kidole chochote kugusa, na wewe unajua mbao zetu zinavyouzwa zikiwa bado zinatoa jasho. Ni kazi ya maana sana ile, na ningependa siku moja kila karakana iwe nayo.

Lakini mpwa wako asingepona kwa kifaa hicho, kwa sababu hakugusa diski. Kilichompiga ni ubao, na dawa ya hilo ni ya zamani zaidi na ya bei ndogo zaidi.

Tazama diski inavyozunguka. Meno ya mbele, upande uliosimama wewe, yanashuka chini na kuukandamiza ubao mezani. Meno ya nyuma yanapanda juu. Ubao ukipasuliwa ukiwa na msongo ndani yake, na mtiki wa shambani unao mara nyingi, vipande viwili havibaki vimetulia. Huenda vikafunguka kama midomo, huenda vikajifunga. Vikijifunga nyuma ya diski, yale meno yanayopanda yanaudaka ubao, yanaunyanyua, na kuutupa ulikotoka. Diski ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda mita 53 kwa sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoshika kitu hicho kikishaanza safari.

Kinachozuia ni bamba dogo la chuma linalosimama wima nyuma ya diski. Mimi naliita kisu cha nyuma, ingawa halina makali. Limejipinda kufuata duara la diski, liko mbali nayo milimita 3 hadi 8, na lina unene unaopita kidogo kiwiliwili cha diski lakini haufiki upana wa njia inayokatwa na meno. Vipande vikitaka kujifunga vinalikuta lile bamba katikati, na meno ya nyuma hayapati cha kudaka. Lililo zuri zaidi linapanda, linashuka na kulala pamoja na diski, kwa hiyo huna sababu ya kulifungua hata ukikata mfereji usiotoboa ubao.

Mashine yako ya kuchomelea haina. Nimefanya kazi miaka mingi Keko, Dar es Salaam, nimeona meza za namna hiyo kwa mamia, na ile yenye kisu cha nyuma sikumbuki kuiona. Mafundi wanaozichomelea si watu wabaya, wanajenga walichoombwa. Basi swali la kwanza kwa mashine zote tatu si jina wala mng'ao wake. Inama, chungulia nyuma ya diski: kisu kipo? Kishikio chake kipo?

Sasa Houston. Mashine nyingi za Marekani za kabla ya 2008 zilitoka kiwandani zikiwa na bamba lililoshikana na kifuniko, lisilofuata diski inapopanda na kushuka. Lilikuwa linasumbua, watu wakalifungua mara moja na halikurudi tena. Muulize shemeji alipige picha. Ninahisi atakwambia liko mahali fulani kwenye gereji, halafu atalitafuta.

Na hilo la volti, shemeji yako amesema kweli nusu. Volti zinalingana. Kisicholingana ni hezi. Umeme wa Marekani unabadilika mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Mota ya namna hiyo kwa kawaida huandikwa mizunguko 3,450 kwa dakika. Hapa Tanga itakwenda 2,875 hivi. Diski kupungua kasi kwa moja ya sita ningeweza kuvumilia, ubao bado utakatika. Tatizo ni joto. Mota iliyosukwa kwa hezi 60 ukiipa volti zilezile kwa hezi 50, sumaku ndani yake inapanda kwa asilimia 20 kupita kipimo ilichotengenezewa. Chuma kinashiba, mkondo unaongezeka bila kufanya kazi yoyote, na mota inachemka hata ikizunguka tupu. Kwa mbao mbili tatu hutaona kitu. Mchana mmoja wa kupasua mtiki, utasikia harufu ya vanishi ya koili ikiungua.

Utaniambia, si nibadilishe mota? Inawezekana, ila mota za misumeno hiyo mara nyingi zimefungwa kwa vishikio vya umbo lake la pekee, vya kuinama pamoja na diski. Mota ya kawaida ya dukani haikai pale bila kutengenezewa kishikio, na kishikio kikipinda kidogo tu, mikanda inakula puli. Halafu shafti yake ni ya inchi 5/8, yaani karibu milimita 15.9, wakati diski nyingi zinazouzwa kwetu zina tundu la milimita 30 au 25.4. Utaishi kwa kuweka pete za kupunguzia tundu kila ununuapo diski, na pete iliyolegea inaifanya diski iyumbe. Mashine yenyewe inapita kilo 200. Mshukuru shemeji kwa moyo wake, mwambie nafasi hiyo ya kontena akuwekee klampu nzuri, guni (kipimo cha pembe mraba) la uhakika na diski mbili zenye meno ya kabaidi, yaani madini magumu kuliko chuma, baada ya wewe kumpa kipimo cha tundu.

Nije kwenye shamba la mkonge, maana ndipo moyo wangu ulipo na sitaficha. Wadkin walianza Leicester mwaka 1897, na mashine zao za zamani ni chuma cha kusubu kuanzia meza hadi tumbo. Uzito ule si mbwembwe: ndio unaomeza mtetemo, na diski isiyotetemeka inaacha ubao laini kiasi kwamba randa inapita mara moja tu. Tena zilitengenezewa umeme wa hezi 50 kama wetu. Kwa hiyo angalia ilivyo ajabu: mashine iliyoonekana kukukatalia kwa fezi zake tatu ndiyo rahisi kuizoesha nyumbani kwako kuliko ile ya Houston iliyoonekana ya kuchomeka tu.

Njia ni invata. Hicho ni kisanduku cha kielektroniki kinachopokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za volti 230. Kwa mota ya farasi 3 utahitaji ya kilowati 2.2, na ukipata inayozidi hapo hatua moja ni bora. Inaiwasha mota polepole, kwa hiyo taa za jirani hazitanywea kila ukibonyeza swichi.

Hapa usiende kasi. Soma kibati cha mota. Kikiandikwa volti mbili, 220 hadi 240 kwa alama ya pembetatu na 380 hadi 415 kwa alama ya nyota, umepona: fundi anabadilisha vipande vya kuunganishia ndani ya kisanduku cha mota, inakuwa pembetatu, na invata inaifaa. Kikiandikwa 415 peke yake na kisanduku kina nyaya tatu tu, nyota imefungwa ndani ya koili. Mpelekee fundi wa kusuka mota, aifukue ile nyota na kutoa ncha sita nje. Ni kazi ya siku moja kwa anayeijua, na kwa asiyeijua ni mwisho wa mota, kwa hiyo muulize kwanza ameshafanya ngapi. Jambo jingine: kati ya invata na mota pasiwe na swichi yoyote. Swichi za kuwasha na kuzima zinaunganishwa kwenye invata yenyewe. Ukikata njia hiyo katikati mota ikiwa inazunguka, unaweza kuiua invata.

Waya uwe wa milimita 4 za mraba kutoka meinswichi, wenye breka yake pekee, na eathi iliyopimwa. Mtafute fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati. Umeme wa karakana si wa kuombea msaada kwa rafiki.

Kuhusu swichi, naomba unisikilize hata kama hutasikia lingine. Umeme unakatika, sote tunajua. Mashine yako ya sasa ina swichi ya kawaida ya ukutani, sivyo? Umeme ukikatika katikati ya kazi, unaiacha hivyo hivyo, unainama kutoa kipande kilichonasa, na umeme unarudi. Mashine iwe na swichi inayojiachia umeme ukikatika, isiyowaka mpaka mtu aibonyeze tena. Kwenye invata ni suala la kuiwekea mpangilio huo, na uujaribu: iwashe bila diski, zima breka, subiri, rudisha. Ikizunguka yenyewe, bado hujamaliza kazi.

Ukienda kuikagua, chukua guni, rula ndefu iliyonyooka, tochi na kitambaa chenye mafuta ya taa. Futa utomvu kwenye meno ya gurudumu la kupandishia diski na lile la kulaza, halafu uyazungushe yote mpaka mwisho. Kukaza kwa sababu ya uchafu kunatibika. Shika shafti kwa mkono, itikise juu na chini. Ukisikia mchezo, ni beringi, na beringi zina namba zake, zinabadilishwa. Ila mulika kwa makini masikio ya chuma yanayobeba shafti na pembe za meza. Ukiona ufa, au mahali palipochomelewa, aga kwa heshima uondoke. Chuma cha kusubu kilichokwisha kuvunjika sitaki kikae karibu na tumbo la mtu. Na kile kisu cha nyuma: bamba lenyewe fundi anaweza kukutengenezea, lakini kishikio chake kikiwa hakipo, mashine hiyo ni ya mtu mwingine. Kifuniko cha juu kikikosekana utatengeneza, chenye plastiki angavu, kining'inie kutoka pembeni au darini.

Mashine za Kariakoo sitazisema vibaya kwa jumla, nimetumia moja mpaka leo. Shamba likikuangusha, nenda huko ukasome kibati: volti 220 hadi 240, hezi 50. Chungulia nyuma ya diski kama nilivyokwambia. Weka rula juu ya meza kwa mshazari, mulika tochi upande wa pili uone mwanga unapopenya. Isukume fensi, yaani ile reli ya kuongozea mbao, uifunge, kisha sukuma ncha yake ya mbali kwa kidole. Ikisogea, hiyo ndiyo itakayoupeleka ubao kwenye meno ya nyuma. Rangi inayong'aa iache, haikati mbao.

Chumba chako kinanipa wazo jingine. Bodi ya MDF ni milimita 2,440 kwa 1,220, na ya unene wa milimita 18 inakaribia kilo 40. Kuisukuma peke yako kwenye msumeno wa kabati ni kutafuta ajali nyingine, na chumba cha mita 5 na nusu kinabana mno: unahitaji urefu wa bodi mbele ya diski na urefu uleule nyuma yake, karibu mita 4.9, na hapo wewe mwenyewe hujapata pa kusimama vizuri. Bodi zipasue kwanza chini, juu ya mabaki ya godoro, kwa msumeno wa mkononi unaofuata reli uliyoifunga kwa klampu, ukiacha milimita 5 za ziada. Mezani zije zikiwa nyepesi, kwa kukamilisha vipimo. Ukifanya hivyo huhitaji fensi ndefu ya kupima mita moja na nusu, na mashine ya ukubwa wa kati itakutosha kabisa. Iweke ielekee mlangoni, mbao ndefu zitokee nje.

Diski zitakuwa mbili. Yenye meno 24 kwa kupasua, yenye 60 hadi 80 kwa kukata kukingama nyuzi na kwa bodi. Mtiki una chembe za silika, unafubaza meno haraka, na diski butu ndiyo inayomfanya mtu asukume kwa nguvu; inoe mapema. Vumbi la mbao ngumu shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Vaa barakoa ya kweli, na kwenye tumbo la mashine fungia bomba la milimita 100 la kunyonyea vumbi. Ukipata mninga utanielewa haraka, pua itakwambia. Na kwa hewa ya bahari hapo Tanga, meza ya chuma ipake nta kila wiki mbili na uifunike kwa kitambaa. Nailoni inafungia unyevu ndani.

Kijana akirudi kazini, na arudi, mwonyeshe mambo manne kabla ya kubonyeza swichi. Asimame kushoto kwa mstari wa diski, si nyuma yake. Diski ichomoze juu ya ubao kidogo tu. Kipande cha mwisho kisukumwe kwa kijiti. Na kwa mbao nzima, funga kwenye fensi kipande cha ubao kinachoishia pale meno ya mbele yanapozama, ili kilichokwisha kupasuliwa kiwe na nafasi ya kupumua upande ule badala ya kubanwa kati ya fensi na diski.

Ile ya kuchomelea usiiuze ilivyo. Kuna kijana mwingine ataisimamia. Toa mota, uitumie kwenye mashine ya kunolea, vyuma vya pembe fanya rafu.

Nakusubiri. Ukitoka shambani niandikie kila kilichoandikwa kwenye kibati cha mota, na kipenyo cha shafti kwa milimita, ndipo tuzungumze invata na diski.